Kununua boti ya matanga iliyotumika, Mtwara na Lindi: maswali ninayoulizwa kila mara

Nakaa Mikindani, na shughuli yangu ni boti: za faiba, za mbao, injini, matanga. Haya ni maswali ninayoletewa na watu wanaotafuta boti ndogo ya kutembelea, ya futi 22 hadi 32 hivi, yenye pa kulala na pa kupikia, ya kwenda Kilwa na familia au kupeleka wageni nje ya Msimbati kuangalia nyangumi kati ya Julai na Oktoba. Majibu ni yangu. Fundi mwingine atakwambia vingine, msikilize na yeye.

Fundi, nianzie wapi?

Anzia kwenye kalenda. Tafuta mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ongeza siku moja au mbili, hapo ndipo penye bamvua, yaani maji makubwa. Bandari ya Mtwara ina kina kikubwa na winchi zake, lakini zile ni za makontena na korosho, si za boti yako ya futi 27. Winchi yetu sisi ni bahari yenyewe. Siku za bamvua maji ya huku hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye saa kumi alfajiri yamejaa, kwenye saa nne asubuhi yamekupwa, jioni yanarudi. Boti ikisogezwa pwani alfajiri na kugadimiwa vizuri, yaani kuegemezwa magadi (nguzo za kuishikilia isianguke), saa tatu asubuhi unaizunguka na ndala zako, na una muda wa kulitazama tumbo lake lote kabla maji hayajakufukuza.

Angalia mahali. Uwe mchanga mgumu, si tope la mikoko, na uutembee siku moja kabla maji yakiwa yamekupwa ili ujue hakuna jiwe. Boti yenye mkuku (uti wa chini wa boti) mrefu hukaa vizuri juu ya magadi. Ile yenye mkuku mwembamba kama ubao wa kukatia mboga hutaka mtu anayejua, maana ikiyumba inaanguka na hasara ni yako kabla hujalipa hata senti.

Muuzaji akikataa kabisa boti isitazamwe ikiwa kavu, kwa sababu "imeshapakwa rangi mpya chini", amekwisha kukujibu.

Faiba haiozi, si ndivyo?

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni kilichomo ndani yake. Boti nyingi za matanga zina sitaha yenye tabaka mbili za faiba na katikati pamewekwa mbao nyepesi au plaiwudi. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu iliyolegea, mbao ile hulowa miaka na miaka bila mtu kujua. Vua viatu utembee polepole sitaha nzima. Panapobonyea chini ya kisigino, weka alama ya chaki. Kisha chukua mpini wa plastiki wa bisibisi ugonge: palipo pazima panalia ko, ko, palipooza panalia bu, bu. Sikio lako litazoea baada ya dakika tano tu. Pagonge zaidi kuzunguka mlingoti, nguzo za ukingo, na kila palipofungwa chuma.

Chini ya maji tafuta malengelenge. Ukilitoboa moja likatoa majimaji yenye harufu kali kama siki, maji yameingia ndani ya faiba. Malengelenge kumi si kifo cha boti, unayakwangua, unaacha pakauke, unaziba. Yakiwa tumbo zima, hiyo ni kazi ya miezi, na faiba haikauki kirahisi kwenye unyevu wa pwani yetu.

Halafu njoo penye mkuku, hapo usiharakishe. Pwani hii ni ya matumbawe kuanzia Msimbati hadi Songo Songo, na boti iliyotembea humu miaka kumi bila kugusa mwamba ni ya kuuliziwa mara mbili. Boti ikigonga mbele ya mkuku, nyuma ya mkuku husukumwa juu. Kwa hiyo ingia ndani, inua mbao za sakafu, tazama mataruma (mbavu za ndani) ya nyuma ya mkuku: yana nyufa? Yameachana na ubavu? Kuna faiba mpya yenye rangi tofauti? Nje, tazama mshono kati ya mkuku na tumbo. Michirizi ya kutu ikitoka hapo, bolti za mkuku zimeanza kuliwa, na hizo hazionekani mpaka uzifungue.

Usukani ushike kwa mikono miwili uutikise. Ukicheza kidogo, ni bushi. Ukitoa matone ya maji ya kahawia wakati boti iko kavu tangu asubuhi, chuma cha ndani yake kinaoza.

Na mashua ya mbao iliyowekewa chumba, je?

Mimi nazipenda, lakini si za kila mtu. Watu hudhani maji ya bahari ndiyo huozesha mbao. Ni maji ya mvua. Kwa hiyo kuoza kutafute juu: chini ya sitaha, kwenye vichwa vya mataruma, pembe za omo na tezi, mbele na nyuma ya boti, ambako hewa haipiti. Chukua kisu chembamba, uombe ruhusa, uchome. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, unajua.

Chini ya maji kazi ni ya wadudu wa baharini. Nje tundu ni kama kichwa cha pini, ndani njia yake ni nene kama kidole. Gonga ubao mmoja mmoja. Tazama kalafati, ile pamba ya kuzibia, kama imetoka kwenye mishono, na misumari ya chuma kama imeanza kulia kutu na kuila mbao iliyoizunguka. Kisha mtafute baharia wake, si mwenyewe, umuulize anafua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, mara ngapi kwa siku. Mwenyewe atakwambia "mara moja moja". Baharia atakwambia ukweli maana mgongo unaouma ni wake.

Injini ndiyo inanitisha. Nitajuaje kama ni nzima?

Una haki ya kutishika. Acha nikueleze yaliyonipata.

Boti yangu ya kwanza niliinunua kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama. Nilifika saa mbili, injini ikawaka kwa kugusa tu, moshi hakuna, nikafurahi kama mtoto. Sikuigusa kabla ya kuwashwa. Ningeiweka mkono ningejua ni ya moto: alikuwa ameihangaikia tangu alfajiri. Wiki ya tatu, nje ya Sudi, kusi, upepo wa kusini, imeshika kasi, mshale wa joto ukapanda na injini ikazima. Bomba la eksozi lilikuwa limejaa masizi na chumvi, tundu limebaki la kupitisha kalamu. Tulirudi kwa tanga, tukibisha (kwenda mshazari kushoto na kulia dhidi ya upepo) mpaka usiku, na mke wangu hakunisemesha siku mbili.

Kwa hiyo: mwambie muuzaji injini isiwashwe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu yake. Iwe baridi kama jiwe. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni kawaida kwa dizeli. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, fungasha virago. Washa. Dizeli nzima huwaka ndani ya sekunde chache bila kuombwa. Moshi mweusi usiokoma ni hewa haitoshi, nozeli mbovu au injini inasukuma mzigo uliozidi, hata propela iliyoota makombe huweza kuuleta. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani pistoni na ringi zimechoka. Moshi mweupe kidogo asubuhi si neno, ukiendelea injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji mahali pasipo pake. Maji ya kupoza yatoke nyuma kwa nguvu pamoja na eksozi, si kudondoka kama bomba la mtaani siku ya mgao.

Halafu nusu saa baharini kwa mwendo mkubwa, jicho kwenye joto. Injini nyingi mbovu ni nzima gatini.

Mashine ya kupachika, ile ya kuning'inia nyuma ya boti, ni rahisi zaidi. Fungua skrubu ya chini ya gia utoe oili kidogo, ikiwa nyeupe sili zimekufa. Tazama uzi wa maji unaorushwa pembeni, pima mgandamizo wa kila silinda, na zisipishane sana. Na soma namba ya mashine, ulinganishe na risiti. Mashine huibwa sana pwani, na namba iliyokwanguliwa ni shida ambayo polisi watakuja kukuuliza wewe.

Kwa chapa, chagua ile ambayo wavuvi wa hapo unapokaa wanaitumia. Kipuri cha Yamaha utaulizia na kukipata. Kipuri cha injini ya Ulaya ya mwaka 1984 kitasubiri ndege, kisha basi la kutoka Dar es Salaam, na likizo yako itakuwa imeisha.

Mlingoti na matanga niyatazameje?

Nyaya za mlingoti zipitishe kwenye kitambaa cha pamba, si kwenye kiganja. Uzi mmoja uliokatika utanasa kitambaa, na waya wenye uzi mmoja uliokatika ni wa kubadilishwa wote. Pale waya unapoingia kwenye kikombe cha chuma, tazama kwa kioo cha kukuzia: ufa mwembamba kama unywele huanzia hapo, na joto la huku pamoja na chumvi havisaidii. Watu wa kazi hii huhesabu miaka 10 hadi 15 kwa nyaya. Kama muuzaji hakumbuki zilibadilishwa lini, hesabu kuwa hazijabadilishwa.

Muhimu zaidi ni vyuma vinavyopita kwenye sitaha kushika nyaya hizo. Vinaonekana vinang'aa juu, vimeliwa palipojificha. Michirizi ya kahawia ndani ya kabati lililo chini yake ndiyo habari yenyewe.

Matanga: jua letu huua uzi kabla ya kitambaa. Kwaruza mshono kwa ukucha, uzi ukikatika tanga lote linataka kushonwa upya. Hiyo si mbaya, mafundi wa matanga ya mashua wapo na cherehani wanazo. Kitambaa kikichanika kwa kidole gumba, ni turubai la kufunikia kuku.

Mabomba na vali za chini?

Funga na ufungue kila moja. Vali isiyozunguka ihesabu kama haipo. Kwangua kidogo: shaba nyeupe iliyogeuka rangi ya waridi imeliwa zinki yake na itavunjika mkononi, nayo iko chini ya maji.

Umeme?

Pima betri asubuhi kabla ya kuchajiwa. Volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.0 imekaribia kuisha. Nyaya za nyumbani zilizotumiwa botini utazijua zikichunwa, shaba yake imekuwa nyeusi au kijani. Mimi huwa napunguza bei kana kwamba nitaweka nyaya mpya zote, maana huwa naziweka.

Zinki ya kujitoa mhanga chini ya boti, ile inayoliwa badala ya vyuma vingine, itazame. Ikiwa imeliwa nusu, inafanya kazi yake, badilisha. Ikiwa muuzaji anasema ni ya mwezi jana na imebaki kipande, kuna umeme unaovuja mahali.

Mtungi wa gesi ukae kwenye sanduku lenye tundu la kutokea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inashuka kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na kungoja kiberiti.

Boti ya kina gani inafaa huku kwetu?

Mkuku wa mita 1.2 utakuingiza karibu kila mahali unapotaka kulala. Wa mita 1.8 unakwenda joshi, yaani kuukaribia upepo, vizuri zaidi, ila utalala mbali na pwani na kupiga kasia nyingi. Mababu zetu walilijibu swali hili kwa ngalawa, inayoelea penye maji ya magotini. Ukipata boti ya matumbo mawili kwa bei nzuri, na una pa kuiweka, usiipite.

Lakini kabla ya kina, fikiria mkondo. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, hatua chache kusini mwetu, ukagawanyika, na tawi letu hupanda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unaongezewa upepo nyuma. Mtwara kwenda Kilwa mwezi Juni ni starehe. Kurudi ni upepo usoni na mkondo usoni, na hapo ndipo utajua kama boti yako inabisha kweli au inakwenda mrama tu, na kama injini uliikagua. Mtu wa Mtwara au Lindi asinunue boti isiyoweza kurudi nyumbani.

Nimeona boti Kilifi, nyingine Zanzibar. Nizilete lini?

Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kati ya Desemba na mwanzo wa Machi. Nenda kaikague mwenyewe, usinunue kwa picha za simu. Picha haina harufu, na ngama ya boti inanuka historia yake yote. Ukiyakuta maji kwenye ngama, chovya kidole uonje. Ya chumvi yanatoka chini, yasiyo na chumvi ni mvua inayovuja kwenye sitaha au tangi la maji. Ila yakiwa na mng'ao wa dizeli, usionje.

Karatasi gani niitake?

Hapa watu wengi huumia kuliko kwenye mbao na faiba. Kwanza, jina la anayeuza liwe ndilo lililoko kwenye usajili. Si la kaka yake, si la "bosi yuko Ulaya". Pili, uliza imesajiliwa wapi. Bara usajili na ukaguzi wa usalama uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililopokea kazi hiyo kutoka SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya zamani, mwaka 2018. Zanzibar wana mamlaka yao ya usafiri wa baharini, ZMA. Boti ya Zanzibar inayohamia Mtwara ina safari ya karatasi mbali na safari ya bahari.

Tatu, boti yenye bendera ya kigeni. Mzungu aliyefika nayo kutoka baharini huenda aliingia kama mgeni, na ushuru haujalipwa. Ukiinunua, deni hilo linakungoja. Nendeni pamoja TRA (mamlaka ya mapato) idara ya forodha kabla ya pesa kubadili mikono, waandike wanachodai. Nikiwa na mteja, sikubali neno la mdomo hapo hata kwa mtu niliyesoma naye.

Mkataba uandikwe na wakili, utaje namba ya tumbo, namba ya injini, na kila kitu kinachobaki botini mpaka dingi na nanga. Nimeona boti ikikabidhiwa bila nanga, na muuzaji akasema nanga ilikuwa ya shemeji. Lipa kwa benki.

Kama utapeleka wageni kwa malipo, hiyo ni leseni nyingine na masharti mengine, ulizia TASAC mapema. Na Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kuingia kuna ada.

Mkaguzi wa TASAC akiipitisha, bado nahitaji fundi?

Ndiyo. Yeye anatazama kama boti ni salama kubeba watu. Hakutazamii kama bei ni ya haki wala sitaha itaoza lini. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji. Kwenye mji mdogo kama Lindi hilo la mwisho ni gumu, basi angalau awe hamdai muuzaji.

Majaribio ya baharini, nifanye nini hasa?

Toka siku yenye upepo, si siku ya maji kulala. Tweka matanga yote, uyapunguze, uyatweke tena. Bisha kushoto na kulia, uone kama boti inageuka bila kubembelezwa. Mtu mmoja akae chini wakati wote na tochi, atazame maji yanaingia wapi boti ikiinama. Hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote na hakuna anayeitaka, kila mtu anataka kushika usukani. Tia nanga, ing'oe. Rudi nyuma kwa injini.

Bei nipatane vipi?

Andika kila ulichokikuta, weka gharama mbele yake, mpe muuzaji karatasi. Usiikashifu boti yake. Mtu aliyelala ndani yake na watoto wake ataipandisha bei kwa hasira. Pesa uliyo nayo igawe tatu: mafungu mawili ya kununulia, moja libaki la mwaka wa kwanza. Na usinunue mwezi wa malipo ya korosho, kila mtu anakuwa tajiri kwa wiki tatu na wauzaji wanajua.

Vimbunga tunavyo huku?

Mara chache, lakini usiseme havipo. Wazee wa Lindi walisimuliana kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji. Kenneth, Aprili 2019, kilipita kusini yetu kidogo tu kikaingia Cabo Delgado, na Hidaya, Mei 2024, kikatua upande wa Mafia. Tazama tarehe hizo: mwisho wa masika. Muulize muuzaji boti ilikuwa wapi siku hizo na ilifungwa na nini.

Nikishanunua, niiweke wapi?

Ghuba ya Mikindani imejificha vizuri, na Lindi ndani ya mlango wa Lukuledi pia pametulia, ila mkondo wa maji yakipwa si wa mchezo. Tia boya lenye uzito wa kweli chini, pingu zake zikaguliwe kila miezi michache, na umlipe mlinzi kwa wakati. Mlinzi asiyelipwa hulala.

Naweza kubadilisha jina la boti?

Unaweza, mradi lipelekwe na kwenye usajili, lisiishie kwenye rangi. Wazee wa Mikindani watakutaka usome dua na kufukiza ubani kwanza. Nunua na mchele wa kutosha, watakuja wengi.